Siku za Ugonjwa na Siku za Uzazi: Haki ya Kila Mfanyakazi wa Kata Yetu

Mada iliyotolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata katika mkutano wa hadhara wa robo mwaka. Inachapishwa kwa ombi la wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimetakiwa niseme juu ya likizo yenye malipo kwa mfanyakazi aliyeugua, aliyejifungua, au aliyefikwa na jambo zito nyumbani kwake. Kabla ya kuingia katika sheria, naomba nieleze kilichonifanya niombe nafasi hii.

Siku moja ya kliniki ya watoto nilikaa kwenye benchi la zahanati karibu na mama kijana aliyepakata kichanga cha majuma matatu na nusu. Kila baada ya muda mfupi alitazama saa ya simu yake. Nilidhani anawahi gari. Kumbe alikuwa anawahi kufungua duka la mtu, duka ambalo amekuwa akiuza kwa mwaka wa tatu sasa. Alipojifungua, tajiri wake alimwambia kwa upole, bila ugomvi wowote, kwamba apumzike kadiri atakavyo, ila mshahara ungeanza kuhesabiwa tena siku atakayorudi. Akapumzika siku 19. Tangu hapo mtoto huachwa kwa bibi yake kuanzia saa moja asubuhi, akinyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji. Nilipomuuliza kama anajua kwamba sheria inampa siku 84 za kupumzika na kulipwa, alitabasamu akasema, "Hizo ni za walimu na wauguzi, mama. Sisi ni wa dukani."

Ndugu wananchi, kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kwa maneno tofauti. Wa saluni husema hizo ni za ofisini. Wa nyumbani husema hizo ni za kiwandani. Hata waajiri husema hivyo, na wengi wao husema kwa nia njema kabisa. Nimekuja kuwaambia kwamba si kweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo katika vitabu vya sheria za nchi ni Sura ya 366, inawahusu waajiriwa wote wa Tanzania Bara. Waliotolewa nje ya sheria hiyo ni walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa, ambao wana taratibu zao. Wenzetu wa Zanzibar nao wana sheria yao. Waliobaki wote wamo: anayepika nyumbani kwa mtu, anayepima unga kwenye mashine ya kusaga, anayejaza mafuta kituoni, anayelinda geti usiku, anayeosha vyombo mgahawani, anayepalilia shamba la mwenzake kwa mshahara wa mwezi. Sheria haikuuliza jengo lina ghorofa ngapi wala mwajiri ana wafanyakazi wangapi. Mwenye mfanyakazi mmoja naye ni mwajiri.

Hapo ndipo hutokea hoja niliyoizoea: "Huyu si mfanyakazi wangu, ananisaidia tu." Au: "Huyu ni kibarua, hatuna mkataba." Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, imekwisha kulijibu jambo hilo, na jibu lake linastahili kujulikana kuliko linavyojulikana. Sheria hutazama hali ilivyo, haitazami jina mlilopeana. Mtu atahesabiwa kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo jambo lolote kati ya haya: kazi yake au saa zake zinaongozwa na mwingine, anatumia vifaa vya huyo mwingine, anamtegemea huyo kwa riziki yake, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Muuza duka anayefungua saa moja asubuhi na kufunga saa moja jioni huzimaliza hizo kabla ya juma kwisha.

Kuhusu maandishi, ni wajibu wa mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Asipofanya hivyo, na shauri likafika mbele ya chombo cha sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni wake. Kwa hiyo mwajiri anayesema "hatukuandikiana" hajajikinga kwa neno hilo. Amejifunga.

Lipo sharti moja la kukumbuka. Haki ya likizo yenye malipo huanza mfanyakazi anapotimiza miezi sita kazini. Lakini sheria haikuwasahau wa msimu. Aliyeajiriwa kwa msimu ana haki ya likizo hizi. Vilevile aliyeajiriwa na mtu yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka mmoja, na vipindi vyake vikijumlishwa vikapita miezi sita, ana haki hiyo. Nawaomba wanaofanya kazi kwenye mavuno, wanaoitwa, wanaachwa, kisha wanaitwa tena, waandike tarehe zao kwenye daftari. Hata daftari la shule la mtoto linatosha.

Sasa niseme juu ya ugonjwa.

Kwa likizo zote hizi, isipokuwa ile ya mwaka, sheria huhesabu kwa mzunguko wa miezi 36, yaani miaka mitatu. Ndani ya mzunguko huo mfanyakazi anayeugua ana haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 300,000, ambaye kwa hesabu ya siku 30 ni shilingi 10,000 kwa siku. Akiugua siku 90 mfululizo, siku 63 zitampa shilingi 630,000, na siku 27 zilizobaki zitampa shilingi 135,000. Jumla ni shilingi 765,000, badala ya shilingi 900,000 ambazo angelipwa kama angekuwa mzima. Amepungukiwa, lakini familia haikulala njaa, na kodi ya chumba imelipwa.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa kuwa jambo hili ni letu sote, hata wale ambao hawajaajiri wala hawajaajiriwa. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Majuma ya mwanzo, kabla dawa haijashika, ndiyo yenye hatari kubwa kwa watu wa karibu na mgonjwa. Mtu anayekohoa kwa majuma mawili, akijua kwamba siku ya kwenda kupima ni siku isiyo na mshahara, hataenda. Atanunua dawa ya kikohozi dukani na kuendelea kuhudumia watu katika chumba kisicho na dirisha. Vivyo hivyo mpishi wa mgahawa anayeharisha. Akikaa nyumbani siku tatu bila malipo amepoteza chakula cha watoto wake. Akija kazini anakipika chakula cha watoto wenu. Msimu wa mvua unapokuja na matangazo ya kipindupindu yakaanza kupita na kipaza sauti, tunahimizana kunawa mikono na kuchemsha maji, nasi tunafanya vyema. Lakini sijawahi kusikia gari la matangazo likisema: mwajiri, mruhusu mgonjwa akae nyumbani na umlipe. Ningependa siku moja tulisikie.

Haki hii ina sharti lake, nalo ni cheti. Mwajiri halazimiki kulipa siku za ugonjwa ikiwa mfanyakazi hakuleta cheti cha mganga aliyesajiliwa, au cha mtaalamu mwingine wa tiba ambaye mwajiri anamkubali kwa sababu za msingi. Kile cheti cha mapumziko tulichozoea kukiita ED ndicho kinachobeba mshahara wako. Kiombe kabla hujaondoka kwenye chumba cha mganga. Kihesabu siku zake. Kipeleke kazini mapema, au mtume mtu akipeleke, na ubaki na nakala, hata kama ni picha ya simu. Watumishi wetu wa zahanati wananiambia kuna wanaorudi baada ya juma zima wakiomba waandikiwe tarehe za nyuma. Wakikataliwa wasikasirike. Kila cheti cha uongo kinachogunduliwa hufanya cheti cha kweli cha mwingine kitiliwe shaka.

Ugonjwa au jeraha lililosababishwa na kazi yenyewe lina njia nyingine. Huko kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, ambao mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Aliyekatwa na mashine au kuangukiwa na mzigo asinyamaze kwa kudhani kwamba ED inatosha. Mwajiri apewe taarifa mara moja, naye aupe Mfuko taarifa.

Nije kwenye uzazi.

Mama mfanyakazi ana haki ya siku 84 za likizo yenye malipo. Akijifungua mapacha au zaidi, siku ni 100. Anaweza kuanza likizo yake majuma manne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, au mapema zaidi ikiwa mganga amethibitisha kwamba afya yake au ya mtoto inahitaji hivyo. Baada ya kujifungua haruhusiwi kurudi kazini kabla ya majuma sita kupita, isipokuwa mganga athibitishe kwamba anaweza. Nawaomba mlisikie vizuri neno hilo. Yule mama wa benchini aliyerudi dukani baada ya siku 19 hakunyimwa mshahara tu. Alirudishwa kazini ndani ya muda ambao sheria inamkataza kufanya kazi. Hata angetaka mwenyewe, tajiri wake hakupaswa kumpokea bila kauli ya mganga.

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamewafikiria pia akina mama wanaojifungua watoto njiti, na muda wa likizo yao sasa huongezwa. Hapo awali mama aliyekaa na mtoto wake hospitalini kwa majuma mengi, akimkumbatia kifuani apate joto, alikuta siku zake za likizo zimekwisha siku anayoruhusiwa kwenda nyumbani. Na mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku nyingine 84 zenye malipo ndani ya mzunguko uleule.

Mama akimaliza likizo hurudi kwenye kazi yake kwa masharti yaleyale. Asikute kiti kimechukuliwa, wala mshahara umepunguzwa kwa maneno ya "sasa una mtoto, hutaweza". Kumwachisha kazi mwanamke kwa sababu ya ujauzito ni kinyume cha sheria, na hakuna maelezo mazuri yanayoweza kuligeuza jambo hilo kuwa halali. Kazi za usiku nazo zina mpaka: mjamzito asipangwe usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mama asipangwe usiku miezi miwili baada ya kujifungua.

Halafu kuna saa mbili. Hizi karibu hakuna anayezijua katika kata yetu. Mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa muda ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku, ili amnyonyeshe mtoto wake. Wauguzi wetu hutufundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, bila maji wala uji. Siku 84 ni majuma 12, hazifiki hata miezi mitatu. Mama akiunganisha na likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 28, atafika siku 112, na bado miezi sita haijatimia. Muda uliobaki unashikiliwa na saa mbili hizo. Katika kata kama yetu, ambapo nyumbani na kazini mara nyingi ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, saa mbili zinatosha kabisa. Bibi anaweza kumleta mtoto dukani. Tatizo ni kwamba hakuna anayeziomba.

Ili haki hizi zisimame, mama naye ana wajibu. Amtaarifu mwajiri kwamba anakusudia kuchukua likizo ya uzazi, angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, na aambatishe cheti cha mganga. Najua kwa nini wengi hawafanyi hivyo. Wanaficha tumbo kwa khanga na kwa nguo pana kwa kuogopa kufukuzwa. Lakini kuficha kunampa mwajiri sababu ya kusema kwamba hakujua. Barua ya mistari minne inatosha, na ofisi yangu itakusaidia kuiandika. Jambo jingine la kujua ni kwamba mwajiri analazimika kutoa likizo ya uzazi kwa vipindi vinne tu kwa mfanyakazi mmoja.

Baba mfanyakazi ana siku tatu zenye malipo, zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Juzi mzee wangu mmoja aliniuliza kwa utani baba anyonyeshe nini. Nilimjibu kwamba kuna kuchota maji, kuna kutafuta usafiri wa kumtoa mama hospitalini, kuna kufuatilia cheti cha kuzaliwa. Alikubali, ingawa aliongeza kwamba zamani shughuli hizo zilifanywa na mashangazi. Ni kweli, mzee wangu. Lakini mashangazi wa leo nao wameajiriwa.

Siku nne zenye malipo hutolewa mtoto wa mfanyakazi anapougua au kufariki, na pia kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mwajiri anaweza kudai uthibitisho unaofaa.

Hapa niseme wazi kwamba sheria yetu imekuwa karimu upande mmoja na bahili upande mwingine. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, humpa baba majuma mawili. Lakini mgonjwa wao huhakikishiwa siku saba tu za mshahara kamili na siku saba za nusu mshahara kwa mwaka. Sisi mgonjwa tumemfunika vizuri. Anayemuuguza mgonjwa tumemwacha na kipande cha shuka. Siku nne katika miaka mitatu kwa mtoto anayeugua! Mwenye mtoto wa miaka miwili anajua kwamba malaria moja na kuharisha mara moja zinatosha kuzimaliza. Na mama mzazi akilazwa, sheria haina siku yenye malipo kwa ajili ya kumuuguza. Inazo za kumzika. Waheshimiwa mliopo hapa mna njia ya kulifikisha hilo kunakohusika, nami nawaomba mlifikishe. Kwa sasa, mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana zaidi ya kiwango cha sheria, kwa mkataba wao au kwa mkataba wa hali bora unaofungwa na chama cha wafanyakazi. Kinachokatazwa ni kukubaliana pungufu.

Nazungumza sasa na waajiri, hasa wadogo, kwa sababu najua mnachowaza. Mwenye duka moja na muuzaji mmoja atasema: siku 84 namlipa aliyeko nyumbani, na aliyeshika nafasi yake namlipa pia, nitafunga. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini tupige hesabu. Miaka mitatu ina siku 1,095. Siku 84 kati ya hizo hazifiki nane katika kila mia. Kwa mshahara wa shilingi 300,000, likizo nzima ni shilingi 840,000. Ukiigawanya kwa miezi 36 ni kama shilingi 23,000 na kidogo kwa mwezi. Mwenye duka anayejua kuweka akiba ya kodi ya pango na ya leseni anaweza kuweka na hiyo, kwenye kibubu, kwenye simu, au kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa. Linganisha na gharama ya kumpoteza muuzaji anayejua wateja wako kwa majina na madeni yao kwa kichwa, kisha ukaanza upya na mgeni. Waajiri wanaowaandikisha wafanyakazi wao katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii wajue pia kwamba Mfuko huo una fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza masharti ya uchangiaji. Waende wakaulize.

Mwisho, pa kwenda pakiharibika. Kwanza zungumzeni. Mambo mengi yamekwisha kwa mazungumzo. Ofisi ya Kazi ya Mkoa ina maofisa kazi ambao wanaweza kukagua na kuelekeza. Wa majumbani na wa hoteli wana chama chao, CHODAWU. Wa mashambani wana TPAWU. Pasipopatikana mwafaka, mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo huanza kwa kuwasuluhisha wahusika, na isipowezekana huamua. Na huko kuna saa inayotembea: anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 tangu alipoachishwa, mwenye madai mengine, kama mshahara wa likizo ambao haukulipwa, ana siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.

Narudia siku hizo kwa sababu zimewaumiza watu wetu. Tuna desturi nzuri ya kupatanishana. Mfanyakazi huenda kwa balozi, balozi humpeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti humwita tajiri, tajiri huomba juma moja, kisha jingine. Viongozi wetu wa kijiji na kata wanaweza kupatanisha, lakini hawana mamlaka ya kuamua madai ya kazi, na vikao vyao havisimamishi saa ya Tume. Wenyeviti, mkiletewa shauri la namna hii, swali lenu la kwanza liwe tarehe.

Yule mama wa dukani, nilikwenda naye kwa tajiri wake. Tulikaa barazani, nikamsomea sheria. Alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na daftari la madeni kunionyesha kwamba biashara ni nzito. Tulihesabu pamoja. Wakakubaliana kwamba mama arudi nyumbani amalize siku zake, na kwamba malipo yafanywe kwa awamu mbili, likaandikwa na kila mmoja akatia sahihi. Awamu ya kwanza imelipwa.

Lakini siku ileile tulipokuwa barazani, alipita msichana aliyewahi kuuza duka la jirani. Aliachishwa ujauzito ulipoanza kuonekana. Alikuwa amezungushwa kwa wazee na kwa wenyeviti, na siku aliyoniambia ilikuwa siku ya 71. Tumemsaidia kuomba Tume impokee nje ya muda, kwa kueleza sababu za kuchelewa kwake. Sheria inaruhusu maombi hayo, ila haimhakikishii jibu. Hadi ninaposimama hapa, jibu halijatoka.

Nitakuwa ofisi ya kata kila Alhamisi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Aje mfanyakazi, aje na mwajiri. Wakija pamoja ni bora zaidi. Njoo na kadi ya kliniki au ED, daftari la tarehe zako za kazi, na ujumbe wowote wa simu unaoonyesha malipo ya mshahara. Asiyejua kuandika asione haya, tutamwandikia. Huduma hiyo haina malipo.

 Nimebakiwa na muda wa maswali.